Vitabu Kwenye Friza la Samaki

Habari kwamba maktaba na makumbusho za nchi nzima zinahamishiwa chini ya taasisi ya taifa ya sanaa tuliipata kazini, asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Mkuu wetu wa tawi aliingia na simu mkononi, akatusomea ujumbe uliotoka makao makuu, akaurudia mstari wa mwisho, kisha akaketi bila hata kuvua koti lake la mvua. Tulikuwa watu wanne tu pale. Mwenzetu wa kaunta akauliza, "Kwa hiyo sasa na sisi ni wasanii?"

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Tawi letu la maktaba liko Kariakoo, upande ule ambako mitaa inaanza kuteremka kuelekea bonde la Msimbazi. Ni jengo la zamani la ghorofa moja, limebanwa kati ya duka la spea za pikipiki na bohari ya magodoro. Nje ni kelele kutwa nzima. Wasukuma mikokoteni wanaomba njia kwa miluzi, wauza sumu ya panya wana vipaza sauti vinavyorudia maneno yale yale tangu asubuhi, na magari ya kushusha mizigo yanapiga honi hata pale ambapo hakuna wa kumpisha mwenzake. Ukifungua mlango wetu kelele ile inaingia na wewe hatua chache, halafu inakatika. Mimi niliipenda kazi ile kwa ajili hiyo. Nimezaliwa Ilala, katika nyumba ya wapangaji wengi, kila chumba na redio yake. Nilipoingia maktaba mara ya kwanza nikiwa msichana wa sekondari, nilishangaa kwamba mjini kuna mahali mtu anaweza kusikia karatasi ikigeuzwa. Nikaazimia kufanya kazi pale, na Mungu akanijalia.

Kwa hiyo habari ya kuwekwa chini ya watu wa sanaa ilinikaa vibaya. Kwangu mimi sanaa ilikuwa ngoma, filamu na wanamuziki wa Bongo wenye miwani myeusi. Niliwaza kwamba chumba chetu cha kusomea kitageuzwa jukwaa, na sisi tutaambiwa tukae kando tushike kamba za pazia. Watu wa makumbusho nao walikuwa na hofu zao. Tulipoitwa kwenye mkutano wa kwanza wa pamoja, wao walikaa upande wa dirishani, sisi tukakaa karibu na mlango, na wasanii wakachukua viti vya mbele wakizungumza kwa sauti za watu waliozoea kusikika. Tulipotoka, kila kundi liliondoka na watu wake.

Mratibu alikuja baada ya hapo. Taasisi ilikuwa imemchagua mtu mmoja wa kuziunganisha kazi zote tatu kwa mkoa wetu, nasi tulimtarajia ashuke kwenye gari lenye kiyoyozi, na dereva amfungulie mlango. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Msimbazi, mama mfupi, mnene kiasi, gauni la kitenge na raba nyeupe zilizopata vumbi, akichechemea mguu wa kulia. Nilikuwa kaunta.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Naomba kadi ya kusomea."

Nilimtambua kwa picha iliyokuwa kwenye simu ya mkuu wetu. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye mratibu. Huhitaji kadi."

"Wanaosoma hapa wanakuwa na kadi au hawana?"

"Wanayo."

"Basi nipe na mimi."

Nikamwandikia kadi. Hakuomba kuonyeshwa ofisi wala mkuu wa tawi. Alienda akakaa meza ya pembeni, kati ya vijana wa chuo waliokuja na madaftari yao wenyewe, akasoma mpaka mchana. Alipomaliza alikuja kuniuliza maswali, na hakuna hata moja nililokuwa nimelitarajia. Aliuliza kitabu kikiugua tunakifanyaje. Aliuliza kwa nini rafu za chini zimejaa kuliko za juu. Aliuliza ni akina nani hawaji.

"Wale wa nje," nikasema, nikionyesha mtaani. "Wafanyabiashara. Wana shughuli zao."

"Hata mimi nina shughuli zangu, na nimekuja," akasema, lakini kwa upole, kama mtu anayefikiri kwa sauti. Kisha akakaa juu ya ngazi yetu ya kufikia vitabu, akaunyoosha mguu wake mbovu. "Nimecheza ngoma miaka mingi mpaka goti likakataa. Ngoma niliyokuwa naipenda kuliko zote haikuandikwa popote. Aliyenifundisha amefariki, na mimi nimeshasahau nusu yake. Ninyi mna watu waliokufa zamani na bado tunasikia walichosema. Msiniogope. Mimi ndiye niliyekuja kuomba."

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimepungukiwa na hofu, ingawa sikuacha kabisa kuwa na wasiwasi. Maneno mazuri tulishayasikia kwa wengi.

Masika ya mwaka ule yalianza kwa kishindo. Ilinyesha Jumapili kutwa, na Jumatatu asubuhi nilipotoka Ilala kwa miguu, nimevua viatu na kuvishika, nilianza kuyaona maji kabla sijafika mtaa wa maktaba. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba chupa, masponji ya magodoro na ndala zisizo na wenyewe. Mlinzi wetu nilimkuta amesimama juu ya meza ya kaunta akiwa ameshika taa ya mkononi ingawa kulikuwa kumekucha. Maji yalikuwa yamefika magotini.

Vitabu vya rafu za chini vyote vilikuwa vimezama. Vilikuwa vimevimba, vikakabana kiasi kwamba huwezi kukichomoa kimoja. Kwenye chumba cha nyuma, ambako tuliweka magazeti ya zamani na vitu vya historia ya mji, maboksi yalikuwa yamelowa mpaka yakafunguka yenyewe. Boksi moja la vitabu vya Kigujarati, vilivyoachwa na familia za Kihindi zilizohama mtaa, lilikuwa linaelea kama ngalawa isiyo na mtu.

Mkuu wa tawi alikuwa safarini mkoani. Nilimpigia mratibu, nikitarajia kuulizwa kwa nini vitu vya thamani vilikuwa chini. Alifika kabla wenzangu wawili hawajafika, ameinua gauni mpaka magotini, raba kazining'iniza shingoni kwa kamba zake. Alizunguka chumba chote. Aliweka kiganja chake juu ya gazeti moja lililolowa, akalibonyeza taratibu, maji yakatoka.

"Nani anajua kinachotakiwa kufanywa sasa hivi?" akauliza.

"Mimi sijui, mama. Tulifundishwa kuhusu mchwa na vumbi. Maji hatukufundishwa."

"Sawa. Tumtafute anayejua."

Akampigia mhifadhi wa makumbusho. Huyu alikuwa mwanaume mwembamba wa Lindi, mpole mno, aliyesomea kazi ya kutunza vitu vya kale na kuishi nayo ndani ya bohari ya makumbusho, kati ya vinyago na mikuki. Kwenye mkutano ule wa kwanza sikumsikia akifungua mdomo. Mratibu aliweka simu kwenye spika, na yule bwana akaanza kusema bila kusita. Msikifungue kitabu kilicholowa. Msikianike juani, kitapinda na wino utakimbia. Vilivyolowa kidogo vinataka upepo mwingi na mahali pakavu. Vilivyolowa chapachapa vigandishwe, kwa sababu joto la Dar na maji pamoja vitaleta kuvu, na kuvu haisubiri mtu amalize mkutano.

"Vigandishwe vipi?" nikauliza.

"Kwenye friza, dada. Vifungwe kwenye plastiki, vigande. Vikishaganda tunakuwa na muda. Tutavitoa kidogo kidogo na kuvikausha kwa zamu."

Tulitazamana na mratibu. Maktaba haina friza. Makumbusho walikuwa na moja dogo, la kugandishia wadudu waliojificha kwenye vinyago. Ndipo nikamkumbuka shoga yangu wa samaki.

Huyu ni jirani yangu, mwanamke wa Kilwa aliyekuja Dar akiwa binti, akauza samaki wa kukaanga kwenye beseni, na sasa ana banda lake sokoni Ilala lenye mafriza makubwa. Nilimkuta akikata barafu kwa panga.

"Vitabu?" akaniuliza, panga likiwa hewani. "Vitabu ndani ya friza langu?"

"Vimelowa, shoga. Visipoganda leo vinaoza."

"Kama samaki, basi."

"Kama samaki kabisa."

Akafikiri. "Mimi wasiwasi wangu si vitabu kuwatia samaki harufu. Samaki ndio watakaovitia harufu vitabu. Watoto wa watu watasoma hesabu huku wananusa samaki changu."

"Bora wanuse changu kuliko wakose vitabu."

Alicheka, akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kuwahamisha samaki wake kwenda friza la mwenzake wa banda la pili. Aliyekuwa amekuja kununua alisaidia bila kuombwa. Tulipakia vitabu kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, vimefungwa kwa mifuko ileile ya plastiki anayofungia samaki wa jumla, na alasiri ile friza moja zima la soko la Ilala lilikuwa na historia ya mji wa Dar es Salaam ndani yake, kuanzia chini mpaka kifuniko. Shoga yangu aliandika kwa chaki juu ya kifuniko: "Usifungue. Si samaki."

Vilivyobaki, vile vya kukaushwa kwa upepo, vilihitaji nafasi kubwa na kavu. Hapo ndipo nilipomwona mratibu akipimwa.

Taasisi ya sanaa ina ukumbi wa mazoezi mjini, sakafu ya mbao, madirisha marefu pande zote. Kwa wakati ule ukumbi ulikuwa umeshikwa na kikundi cha ngoma kilichokuwa kinajiandaa kwenda kwenye tamasha nchi jirani. Tulipofika na kirikuu cha kwanza, wachezaji walikuwa katikati ya zoezi, jasho linawatiririka, ngoma zinalia mpaka madirisha yanatetemeka. Mratibu alisubiri wamalize wimbo. Kisha akamwita kiongozi wao, mwanaume mrefu mwenye mvi za mapema, akamweleza.

Kiongozi hakuamini. "Mama, sisi tunasafiri hivi karibuni. Unatutoa ukumbini kwa ajili ya magazeti?"

"Nawatoa kwa ajili ya magazeti, ndiyo."

"Huu ni ukumbi wa sanaa. Wewe mwenyewe umechezea sakafu hii. Wewe ni mwenzetu."

"Bado ni mwenzenu."

"Sasa inakuwaje? Maktaba wana mkubwa wao."

"Mkubwa wao ni sisi," mratibu akasema. Hakupandisha sauti. "Tuliambiwa kazi hii ni yetu, tukapiga makofi, tukapigwa picha. Kama ni yetu siku ya picha tu, basi tuwaambie hawa wa maktaba leo hii hapa mlangoni. Mimi siwezi kuwaambia. Kaka, ninajua ninachokuomba. Najua mazoezi ni nini."

Yule bwana alinitazama mimi na boksi langu linalodondosha maji kwenye ngazi. Kisha akageuka akawaambia wachezaji wabebe ngoma zao watoke. Wakahamia kwenye uwanja wa kuegeshea magari, wakawa wanafanya mazoezi kwenye tope, na kila ngoma zilipolia tulijua wanatuambia kitu.

Mhifadhi alifika na magunia ya karatasi nyeupe, brashi laini na vijiti vya mianzi vilivyochongwa kama visu visivyo na makali. Akatufundisha: kitabu kisimamishwe, kurasa zipanuliwe kama feni ya mkono, karatasi kavu iwekwe kila baada ya kurasa chache, ibadilishwe ikilowa. Tulihitaji feni za umeme, nyingi. Ng'ambo ya mtaa wa maktaba yetu kuna duka la vifaa vya umeme la familia moja ya Kihindi, wako pale tangu babu yao. Bibi wa familia ile alikuwa mwalimu wa sekondari mpaka alipostaafu, na mtaa mzima, hata wanawe, unamwita Mwalimu. Nilikwenda kumwomba feni mbili tatu. Alimtuma mwanawe ashushe zilizokuwa dukani, kisha akapanda juu mwenyewe akazing'oa na zile za sebuleni kwake. Akapanda gari pamoja nazo.

"Nakuja kuhakikisha zinarudi," akaniambia, ameshika feni moja mapajani kama mtoto. Akakaa nasi mpaka kazi ilipoisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na ya kujirudia. Unageuza, unaweka karatasi, unatoa, unageuza tena. Mgongo unawaka. Watu wa makumbusho walikuja, wakakaa palepale na sisi kwenye sakafu kwa sababu hapakuwa na viti vya kuchagua upande. Mvua iliporudi, wachezaji walikimbilia barazani, wakawa wanatuchungulia kupitia madirisha. Msichana mmoja wao aliingia kuomba maji ya kunywa, akauliza tunafanya nini, akachuchumaa kujaribu, akasahau kutoka. Wakaingia wengine. Mwisho kiongozi wao naye akasimama mlangoni, mikono nyuma, akitutazama kwa muda mrefu.

"Mnainama vibaya," akasema. "Mtaharibu migongo."

Akaja katikati akatuonyesha jinsi ya kunyanyua boksi: magoti kwanza, tumbo lishikwe, pumzi itoke wakati wa kupanda. Alitusahihisha mmoja mmoja, hata mhifadhi, hata Mwalimu. Nasema kweli, maumivu yalipungua. Mratibu alikuwa upande wa pili wa ukumbi akibadilisha karatasi. Alimwona, akaendelea.

Kisa cha vitabu vya Kigujarati kilitokea siku tuliyokuwa tunaamua nini kitupwe. Mhifadhi alisema hatuna karatasi za kutosha, lazima tuchague. Mwenzetu wa kaunta akalisogeza lile boksi upande wa vya kutupa. Akasema hakuna aliyewahi kuviazima tangu aanze kazi, na ni kweli. Mimi pia sikuona la kupinga.

"Vinasema nini?" mratibu akauliza.

"Hatujui, mama. Hakuna anayesoma lugha hiyo hapa."

"Nasoma mimi," akasema Mwalimu kutoka nyuma ya feni zake.

Akakichukua kimoja, chembamba, cha watoto, jalada lake limeng'oka. Akavaa miwani. Alisoma kimoyomoyo, tabasamu likampanda kidogo kidogo, akaanza kutusimulia kwa Kiswahili huku akifuata mistari kwa kidole bila kugusa karatasi. Kulikuwa na mfinyanzi, akasema, aliyetaka kufinyanga chungu kikubwa kuliko vyote duniani. Akafinyanga ndani ya nyumba yake, siku nyingi, mkewe akimletea udongo. Chungu kikaisha, kizuri ajabu, na ndipo akagundua kwamba hakipiti mlangoni. Majirani wakaja. Nusu wakasema avunje chungu, nusu wakasema avunje ukuta. Mkewe akasema...

"Akasema nini?" akauliza yule msichana wa ngoma.

Mwalimu alijaribu kugeuza. "Kurasa zimegandamana. Hazifunguki."

Pale ukumbini kazi ilisimama. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wapiga ngoma walitaka ukuta uvunjwe. Watu wa makumbusho walisema chungu chenyewe ndicho kitu cha maana, nyumba zipo nyingi. Shoga yangu wa samaki, aliyekuja na kifurushi cha kwanza kilichotoka kwenye friza, alisema huyo mume ndiye wa kuvunjwa, mwanamke kabeba udongo siku zote hizo bila kuulizwa vipimo. Tulicheka mpaka machozi. Sijawahi kusikia watu wazima wakibishana hivyo juu ya kitabu, na nilikuwa nimekaa na vitabu karibu maisha yangu yote.

Mhifadhi alikichukua kile kitabu. Hakuahidi kitu. Kila siku alikipa muda kidogo, anapuliza, anasubiri, anapenyeza kijiti chake cha mwanzi upana wa ukucha, anaacha. Siku moja baada ya chakula cha mchana akamwita Mwalimu kwa sauti yake ya chini. Tuliacha tulivyokuwa tumevishika, tukawazunguka. Mwalimu akasoma mwisho. Mke wa mfinyanzi alisema chungu kibaki kilipo, kijazwe maji, na mlango uachwe wazi. Kiangazi kilipokuja kijiji kizima kikawa kinachota pale.

Kiongozi wa ngoma akasema, "Huyo mama alikuwa na akili," tukarudi kazini. Lile boksi halikutupwa.

Si kila kitu kilipona. Vitabu vya sayansi, vile vyenye karatasi inayong'aa, viliungana vikawa kama matofali, tukavizika. Magazeti mengine yalibaki na alama ya tope ambayo haitatoka. Vilivyokaa kwenye friza vilirudi vikiwa vizima, lakini shoga yangu alikuwa amesema kweli kuhusu harufu, na mpaka leo kuna rafu moja ambayo paka wa mtaani wanaipenda. Kikundi cha ngoma kilikwenda kwenye tamasha, wakacheza vizuri, hawakushinda. Waliporudi, kiongozi wao alimwambia mratibu mbele yetu sote, "Tungekuwa na ukumbi wetu tungeshinda."

"Huenda," mratibu akamjibu. "Hilo ni juu yangu."

Nilimheshimu kwa mengi, lakini kwa jibu lile nilimheshimu zaidi. Baadaye, kwenye kikao cha wakubwa ambacho na mimi niliitwa kueleza hasara, mmoja wao aliuliza kwa nini shughuli za sanaa zilisimamishwa kwa ajili ya mambo ya maktaba. Mratibu alisema, "Hakuna tena mambo ya maktaba na mambo ya sanaa. Kuna vitu vya watu tulivyokabidhiwa." Nilitaka kupiga makofi, ila kikao hakikuwa cha namna hiyo.

Tulipofungua tena tawi, rafu za chini zilikuwa hazina kitu, na magazeti yalikuwa yamepandishwa ghorofani. Mratibu alikuja kuniomba jambo moja, na alijua kwamba kwangu ni zito. Alitaka Jumamosi mchana watu wasome kwa sauti chumbani mle, kitabu chochote, lugha yoyote, na asiyejua kusoma asomewe.

"Na wanaotaka kimya?" nikauliza.

"Siku nyingine zote ni zao. Nitakulindia mwenyewe."

Alitimiza. Mtu akija Jumatano akataka kufanya onyesho, alimrudisha. Na Jumamosi ya kwanza niliyodhani tutajisomea wenyewe, waliingia wale wa nje. Alikuja Mwalimu na dada zake wa hekaluni. Walikuja wauza viatu vya mitumba kutoka Mchikichini, wakiacha mizigo mlangoni kwa mlinzi. Shoga yangu alikuja na wenzake wa samaki, amevaa dera jipya, akanidokeza sikioni kwamba hajawahi kuvuka mlango ule kwa kudhani ni ofisi ya serikali. Mhifadhi alileta chungu cha makumbusho, kikubwa, kilichofinyangwa kusini kwao, akakiweka juu ya meza na kuwaruhusu watu wakiguse. Walikigusa kwa ncha za vidole. Mama mmoja wa Newala, kusini kulekule, alikaa karibu nacho muda wote bila kusikiliza kinachosomwa, na hakuna aliyemsumbua.

Mimi nilikuwa kaunta. Kelele zilinichosha, sitaki kudanganya. Lakini kadi tulizoandika alasiri ile ziliniumiza mkono, na wengi wa wale watu nawaona hadi leo.

Mratibu alipohamishiwa mikoa ya kusini kwenda kufanya kazi ileile, taasisi ilitaka kumwandalia hafla hotelini. Alikataa, akaomba tumuage pale ukumbini. Tulikaa sakafuni kama wakati ule wa kukausha, tukala pilau kwa mkono, kisha kikundi kikaanza kupiga. Walikuwa wamemwandalia zawadi: walikuwa wamekwenda kwa wazee wa kwao mratibu, wakakusanya vipande vya ile ngoma aliyosahau nusu yake, wakaifanyia mazoezi kimyakimya. Sehemu nyingine walikosea, na mratibu aliwaonyesha kwa mikono tu, amekaa kwenye kiti, goti limenyooshwa. Mhifadhi, ambaye hatukuwahi kumwona hata akitikisa kichwa, aliinuka akaingia katikati ya wachezaji. Alicheza vibaya sana. Kiongozi wa kikundi alimfuata, akamshika mabega kwa nyuma, akamrekebisha hatua, wakaendelea pamoja.